Konzi

Aizawl ni mji ulioanikwa mlimani,
mlango wa nyumba hii unatazama paa la ile.
Toka kwangu hadi barabarani ni ngazi mia na arobaini na mbili.
Nilizihesabu enzi zile nikishuka nikilalama.
Siku hizi sihesabu. Huenda zimepungua.

Aprili. Mvua haijaja.
Lori la maji lilisema Jumanne, na leo Ijumaa.
Nazamisha kata tangini, inagonga chini, kavu,
na jirani wa juu, Pi Ngurthangi, anafua mapazia.
Mapazia! Kiangazi hiki!
Povu lake linateremka ukutani kwangu bila hata kubisha hodi.

Basi nikaanza.
Nikaanza na dereva wa lori, nikapitia kwa diwani,
nikaingia kwa mume wangu Hrangkima
anayepiga mluzi hata siku ya kudaiwa,
nikampandia mkwe, nikashukia goti,
hili la kushoto,
ninalolipigia kila alfajiri miaka arobaini
na shukrani yake ni kuvimba.

Mdomo ukisafiri hivyo, mikono ilibaki jikoni
inapima mchele wa mchana.
Na kama alivyofanya mama, na mama wa mama,
kabla ya kuosha nilichota konzi moja
ya kopo la bluu nyuma ya mlango,
mchele wa kanisa.
Kina mama hupita na gunia, humimina, huagana.
Konzi juu ya konzi, paa la shule likaezekwa,
na sijamwona aliyelala njaa kwa konzi alilotoa.

Mkono ukaganda hewani.
Mdomo ulikuwa bado uko kwa mkwe.
Nikautazama mkono: umefumba.
Konzi ni kipimo cha mchele,
konzi ni pigo la utosini.
Vidole ni vile vile, ngumi ni ile ile,
ila moja imefumba ili ikafumbuke.

Bwana wangu, nikasema,
asubuhi nzima nakupiga makonzi.

Msinielewe vibaya.
Mwaka ule mlima ulipoteleza usiku
ukamfunika Lalrema wetu na pikipiki yake,
nililia mpaka sauti ikawa ya mtu mwingine,
na Mungu hakuniambia nyamaza.
Kilio kinajua njia ya kwake.
Lalamiko ni nzi: linazunguka jikoni,
linatua kwenye kila sahani,
dirisha li wazi na halitoki.
Na mchungaji aliposema furaha ni amri
nilinuna wiki nzima.

Kwa hiyo ninachofanya ni kidogo, hata haya kukitaja.
Kila mlo, pamoja na mchele,
natenga neno moja la lawama, silipiki.
Juzi nilitenga la diwani.
Jana la goti.
La Hrangkima ni kubwa, nitalikata siku tatu.

Leo nimelitenga la mapazia.
Nikachukua karai, nikalitega chini ya lile povu,
likajaa nusu. Nikasugua sakafu, nikasugua ngazi,
zile za kwangu na mbili za watu.
Nikainua uso: Pi Ngurthangi, yamekuwa meupe!
Akachungulia kama anayetafuta mtego ulipo.
Kisha akacheka, akasema binti yake anatoka hospitali kesho,
hajaona dirisha safi tangu Januari.

Sikujua. Miezi mitatu nasikiliza hatua zake juu ya kichwa changu,
sikujua.

Jioni Hrangkima anapiga mluzi,
nyuma ya wimbo kwa pumzi moja, kama kawaida yake.
Nikaingia na sauti ya pili, nikamsubiri pale anapochelewa.
Goti linauma. Tangi ni tupu.
Mtu wa lori amepiga simu: anakuja Jumanne.

Sikumuuliza ipi.
Hilo ndilo konzi langu la usiku huu.